Mama Breki Ajifunza Kubana Pumzi

Daktari alipomaliza kueleza, Mama Breki alipiga makofi. Hayakuwa yale makofi ya adabu ya mikutanoni. Yalikuwa makofi ya mtu aliyeona bao likiingia wavuni. Daktari wa watu, aliyezoea kuona wagonjwa wakinyamaza au wakilia kwenye kiti kile, alishtuka hadi kalamu ikamponyoka.

"Rudia tena, daktari," Mama Breki alisema. "Taratibu, ili huyu mume wangu asikie vizuri. Maana tukifika nyumbani watoto watamuuliza, na yeye hatajua aanzie wapi."

Daktari akarudia. Uvimbe ulioonekana kwenye pafu la kulia ulikuwa bado mdogo, na vipimo vilionyesha haujasambaa. Kwa kawaida wangefungua kifua wautoe, lakini moyo wa Mama Breki haukuwa wa kuaminika kiasi hicho, na upasuaji mkubwa ungeweza kumletea balaa jingine. Ila kulikuwa na njia ya pili. Hospitali ilikuwa imepata mashine mpya ya mionzi, yenye uwezo wa kuulenga uvimbe mdogo kutoka pande nyingi, kuupiga kwa nguvu mara chache tu, na kuacha sehemu kubwa ya pafu salama. Bila kisu na bila kulazwa. Mtu anakuja, analala kitandani, anapigwa mionzi, anavaa viatu vyake anaondoka.

"Ila kuna kazi moja ambayo hatuwezi kukufanyia, mama," daktari aliongeza. "Ukipumua, pafu linakwenda juu na chini, na uvimbe nao unakwenda nalo. Sisi tunataka utulie. Kwa hiyo tutakuomba uvute hewa, uibane, na mashine ifanye kazi muda huo tu. Ukiachia, mionzi inakatika."

"Niibane kwa muda gani?"

"Kadiri utakavyoweza bila kuumia. Tutakufundisha hapa, na nyumbani utafanya mazoezi."

Mama Breki akamgeukia mumewe. Macho yalikuwa yanamng'aa kama ya mtoto aliyeahidiwa safari. "Umesikia, baba watoto? Nimepewa mazoezi!"

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na muda wote huo alikuwa ameukumbatia mkoba wa mkewe mapajani kama vile kuna mtu anataka kuupora. Akaitikia kwa kichwa.

Ili kuwaelewa watu hawa wawili, lazima kwanza mtu aelewe kilichotangulia.

Mama Breki alikuwa mwalimu wa udereva. Kazi hiyo aliianza nywele zake zikiwa nyeusi tii, akaendelea nayo mpaka zikawa na mvi za kutosha kuheshimika barabarani. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lenye herufi nyekundu mbele na nyuma za kuwatahadharisha watu, na upande wake yeye, chini ya miguu, palikuwa na breki ya pili. Hapo ndipo jina lilipotoka. Wanafunzi walisema mwalimu huyu anaona hatari kabla hatari yenyewe haijajijua. Mguu ukishuka, gari linasimama, halafu yeye anauliza kwa sauti ya upole, "Sasa niambie, mwanangu, pale ulikuwa unatupeleka wapi?"

Alikuwa amefundisha wauguzi, wachungaji, mashehe, wake wa wakubwa na vijana waliotaka leseni ili waoe. Alifundisha kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya ghala lisilotumika, akizungusha watu katikati ya makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga. Mdomo wake haukuwahi kupumzika, na hata kikohozi cha siku za karibuni alikisingizia vumbi la kiwanja. Mtu akirudi nyuma vizuri bila kugusa kopo, Mama Breki alitoka garini na kumshangilia mpaka wapita njia wakasimama kutazama.

Sasa siku moja akawa na mwanafunzi, dada mmoja wa benki, msichana mtaratibu aliyevaa viatu vya kisigino hata kwenye mafunzo. Huyo dada alipoona ukuta wa kiwanja unakaribia, badala ya kukanyaga breki akakanyaga mafuta. Mama Breki naye alikanyaga ya kwake, ila safari hii alichelewa. Gari likabusu ukuta. Hakuna aliyeumia sana, lakini mkanda ulimbana Mama Breki kifuani, na usiku ule kila akigeuka kitandani alikuwa analalamika mbavu. Mumewe hakutaka ubishi. Asubuhi akampeleka kupigwa picha.

Mbavu zilikuwa nzima. Lakini mpiga picha aliitazama ile picha, akamwita mwenzake, wote wawili wakaitazama, na hapo Mama Breki akajua kuna jambo. Palikuwa na kivuli kidogo kwenye pafu la kulia. Kutoka hapo akapelekwa kwenye mashine kubwa ya picha, kisha wakamchoma sindano ndefu kuchukua kinyama cha kupima, na majibu yalipotoka yakasema ni saratani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Yeye ambaye alikuwa haishiwi maneno aliishiwa. Alikaa barazani akitazama gari lake bila kuliwasha. Watu walikuja kumpa pole, na wengine walikuja na pole iliyochanganyika na upelelezi. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyethubutu kuuliza waziwazi.

"Samahani, wifi, hivi wewe ulikuwa unavuta sigara kwa siri?"

Mama Breki akamtazama. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kicheko kikamtoka. "Wifi yangu, maisha yangu yote nimekaa kwenye gari na watu wasiojua kuendesha. Ningekuwa mvutaji, ningemaliza pakiti kila kona. Sijawahi kuigusa. Daktari anasema hata asiyevuta hupata."

Wifi akaona aibu, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari visafi.

Kwa hiyo makofi yale ya ofisini kwa daktari hayakutoka hewani. Yalikuwa makofi ya mtu aliyejiandaa kuambiwa hakuna njia, akaambiwa njia ipo, na zaidi ya hapo akapewa kazi ya kufanya. Kwa Mama Breki, kukaa bila kazi ndio ulikuwa ugonjwa mkubwa kuliko wote.

Mazoezi yakaanza jioni ileile. Bintiye mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na wanawe, na mkwe akafuata baada ya kazi. Mama Breki akaketi katikati ya sebule, mgongo wima, akawaeleza utaratibu kama vile anafungua chuo.

"Unavuta hewa taratibu, hivi. Usiinue mabega. Unaibana. Unatulia tuli. Hupepesi, huchezi, hucheki. Nani anaanza?"

Wote wakaanza pamoja. Mkwe, mtu mwenye kifua kipana aliyejisifu kwamba ujana wake alikuwa muogeleaji, ndiye aliyeachia wa kwanza, akakohoa mpaka machozi. Mjukuu wa mwisho alivimbisha mashavu kama puto, akawa mwekundu wa macho, kumbe alikuwa anapumua kwa pua. Dada yake akamshtaki. Bintiye akaishia njiani kwa kicheko. Wakabaki wawili, Mama Breki na mumewe, wanatazamana ana kwa ana. Mama Breki akaachia kwanza, akahema, akasema, "Hee! Huyu mzee ana mapafu ya ngamia!"

Ndipo mjukuu mkubwa akapiga kelele, "Bibi, babu anadanganya! Tumbo lake linacheza!"

Fundi cherehani akakana kwa mikono yote miwili. Sebule ikaangua kicheko, mbavu za Mama Breki zikamuuma upya, na kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke, nyumba ile ikasikika kama nyumba yao.

Kila siku alijaribu. Alibana pumzi akichambua mboga, akanyoosha nguo akiwa ameibana, akaibana kwenye foleni ya kulipia umeme hadi mwanamke wa nyuma yake akamuuliza kama anajisikia vibaya. Mwanzoni ilikuwa shida, kikohozi kilimkatiza. Kisha akagundua kwamba asipojaza kifua kupita kiasi, anadumu zaidi. Siku aliyopita kipimo alichojiwekea, alimpigia bintiye simu shuleni katikati ya kipindi.

"Mama, niko darasani!"

"Najua. Nimefika! Haya, rudi kafundishe."

Kabla ya tiba yenyewe alikwenda hospitali kuandaliwa. Huko akakutana na mtaalamu wa mionzi, binti mwembamba, mchangamfu, aliyetembea haraka kana kwamba sakafu inamchoma. Alimlaza kwenye mto mkubwa uliojaa punje laini, halafu wakaunyonya hewa mpaka ukakakamaa na kushika umbo la mgongo wake, mabega yake na mikono yake iliyoinuliwa juu ya kichwa. Mto ule ungekuwa wa kwake peke yake, ili kila mara alale vilevile. Kisha akachomwa vidoti vidogo kwenye ngozi ya kifua, vya kuwasaidia kumpanga sawasawa chini ya mashine.

"Hivi vinatoka nikioga?" Mama Breki aliuliza.

"Havitoki, mama. Ni vya kudumu."

"Yaani na mvi hizi ndio nachorwa tatuu?"

Binti akacheka mpaka akaegemea ukuta. Jioni hiyo wifi alionyeshwa kidoti kimoja, na Mama Breki akamwambia kwa sauti ya kunong'ona kwamba sasa ameingia kwenye genge.

Siku ya kwanza ya mionzi ikafika. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani, chenye ubaridi, kuta zake nene, na mlango mzito unaojifunga wenyewe taratibu. Katikati palikuwa na kitanda chembamba, na juu yake mkono mkubwa wa mashine, mweupe, mviringo kwenye ncha. Mbele ya macho yake waliweka kioo kidogo chenye mstari uliopanda na kushuka kufuatana na kupumua kwake. Palikuwa na sehemu ya kijani. Alitakiwa avute hewa mpaka mstari ufike kwenye kijani, aushikilie hapo.

"Sisi tutakuwa nje, mama," yule binti alisema akimfunika shuka. "Tunakuona kwa kamera, tunakusikia, na wewe unatusikia kwa spika. Hakuna kitakachokuuma. Ukipata shida yoyote sema tu, tunakuja mara moja."

Mlango ukajifunga. Kimya. Moyo wa Mama Breki ukaanza kwenda mbio, na yeye mwenyewe hakujua kama ni woga au ni furaha. Mashine ikaanza kunguruma kwa chini.

Sauti ya binti ikatoka kwenye spika. "Haya mama, vuta pumzi taratibu."

Akavuta. Mstari ukapanda, ukaingia kwenye kijani.

"Vizuri sana. Ishikilie hapohapo."

"Sawa!" Mama Breki akajibu kwa bidii zote.

Hewa yote ikatoka. Mstari ukaporomoka, mashine ikajizima, na huko nje, ingawa kipaza sauti kilikatwa upesi, alisikia mwanzo wa kicheko cha watu zaidi ya mmoja.

"Mama," binti alirudi hewani, akijitahidi kuwa na sauti ya kazi, "ukibana pumzi usinijibu."

"Sawa."

"Sasa hivi unaweza kujibu. Ukishaibana ndio usijibu."

"Nimekuelewa, mwanangu. Mdomo huu haujazoea."

Jaribio la pili alifika kwenye kijani akakumbuka lile "Sawa!" lake, kicheko kikampanda, mstari ukatetemeka kama taa ya koroboi. Wakasubiri. Akapumua kawaida kidogo, akajituliza, akajiambia kwamba huyo anayetakiwa kutulia si mwingine, ni yeye. La tatu akafunga macho nusu, akavuta, akafika, akashikilia. Mashine ikanguruma. Hakusikia maumivu, wala joto, hakuna kitu. Mstari ulisimama pale kwenye kijani, umenyooka kama uzi, na Mama Breki akautazama kwa fahari kubwa, akitamani angekuwapo mtu wa kumwonyesha.

"Achia. Pumua. Mama, umeweza!"

"Tuendelee!" alisema. "Kabla sijapoa!"

Walipomaliza na mlango kufunguka, mabega yalikuwa yamekufa ganzi kwa kuinua mikono, lakini alishuka kitandani akimshika binti mikono yote miwili na kuitikisa. Nje mumewe alisimama, mkoba kifuani.

"Vipi?" akauliza.

"Baba watoto, nimelenga!" Mama Breki alisema. Ukweli, mashine ndiyo iliyolenga, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Ilikuwa siku ya pili ya tiba ndipo alipokutana na Fundi Rangi. Alikuwa jitu la mtu, mabega mapana, ndevu, vidole vyenye mabaki ya rangi pembezoni mwa kucha, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupulizia magari rangi. Alikaa kwenye benchi la kusubiri, jasho jembamba likimtiririka, na mkewe pembeni anamfuta kwa kitambaa. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa zaidi, karibu na njia ya hewa. Alipangiwa kuja kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, akichanganya mionzi na dawa za kutundikiwa mshipani. Lakini hakuwa ameanza. Kila alipofika mlangoni aligeuka.

"Aliwahi kukwama kwenye lifti," mkewe alimwelezea Mama Breki kwa sauti ya chini. "Umeme ulikatika, akakaa humo peke yake mpaka alipozimia. Tangu hapo hata choo hafungi mlango. Ule mlango wa humo ndani akiuona unajifunga, basi."

Mama Breki alimtazama yule bwana. Alimjua. Si yeye mwenyewe, bali aina yake. Alikuwa amekaa nao garini mara nyingi, watu wazima wenye ndevu zao, wanaoshika usukani kana kwamba utawauma.

Akasogea akaketi karibu naye. "Shikamoo, fundi," alisema kwa utani, maana alimzidi umri.

Yule bwana akashtuka. "Marahaba... aa, samahani mama, shikamoo wewe!"

"Marahaba. Umeanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dalili nzuri. Niambie, unaogopa mashine au unaogopa mlango?"

Fundi Rangi aliutazama ule mlango mzito. "Mlango," akasema.

"Basi leo tuache mashine. Tushughulike na mlango."

Yule binti mtaalamu alikuwa amesimama hapo karibu akisikiliza. "Mama, hivyo ndivyo nilivyomwomba tangu jana. Tuingie tu, mlango wazi, akae. Hataki kunisikiliza."

"Hakusikilizi kwa sababu wewe umevaa sare," Mama Breki alimwambia. "Mimi nimevaa kandambili."

Wakaingia watatu, mlango wazi kabisa. Hakuna kilichowashwa. Fundi Rangi alisimama kizingitini, akapiga hatua, akarudi, akapiga nyingine. Mama Breki hakumvuta wala hakumsukuma. Alikuwa anamsimulia habari za dada wa benki na ukuta wa kiwanja, na alipofika pale pa gari kubusu ukuta, Fundi Rangi alikuwa tayari ameketi kitandani anauliza bampa ilikuwaje.

"Ilipasuka?"

"Ilikunjika upande. Rangi ikatoka yote. Ukipona utaniletea bei ya ndugu."

Kisha akalala. Kisha binti akaomba afunge mlango akiwa naye humo ndani, aufunge na kuufungua hapohapo. Wakafanya hivyo. Fundi Rangi alifumba macho, midomo ikawa myeupe, lakini hakuinuka. Wakafanya tena, na safari hii akaweza kuhesabu vigae vya dari. Alipotoka nje, mkewe alimpokea kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Yule bwana aliporudi tena, Mama Breki alikuwa pale kwa zamu yake mwenyewe. Akasubiri. Fundi Rangi aliingia, akapangwa kitandani, watu wote wakatoka, na mlango ukajifunga taratibu kwa uzito wake wote. Kwenye chumba cha kuongozea mashine, binti alimruhusu Mama Breki asogee kwenye kipaza sauti kwa salamu moja.

"Fundi, unanisikia? Tunakuona hapa kwenye televisheni. Umependeza."

Sauti ya yule bwana ikaja, nyembamba kuliko mwili wake. "Nakusikia, mwalimu. Usiondoke."

"Niende wapi, na mkoba wangu kaushika mkeo?"

Wakaona kwenye kioo kifua chake kikubwa kikishuka, kikatulia. Binti akabonyeza. Mashine ikaanza kumzunguka. Mke wa Fundi Rangi alikuwa mlangoni, mkoba kwapani, viganja mdomoni, na Mama Breki, aliyeamriwa sasa asiseme neno, alikuwa anarukaruka polepole kwa vidole vya miguu kama mtu anayetazama mikwaju ya penalti. Mashine ilipozimika na mlango kufunguka, benchi zima la wagonjwa lilipiga makofi. Fundi Rangi alitoka amelowa jasho, anacheka, anafuta macho, na anajaribu kuficha kwamba anafuta macho.

Haikuwa shangwe tupu siku zote. Baada ya kumaliza tiba yake, Mama Breki alikumbwa na uchovu ambao hakuwa ameujua. Angeinuka kuchota maji ya kunywa, akajikuta amekaa tena, bilauri tupu mkononi. Kikohozi kilirudi kwa fujo. Chakula kilikuwa kama pamba. Kuna siku alimfokea mumewe kwa sababu cherehani ilipiga kelele, na mumewe akaifunika, akaja kukaa naye, akamkanda miguu.

"Nisamehe," Mama Breki alimwambia baadaye.

"Kwa lipi?" mumewe akajibu. "Hata cherehani imesema ilikuwa imechoka."

Taratibu nguvu zikarudi. Asubuhi moja alitamani kunywa chai yenye sukari, akanywa vikombe viwili. Asubuhi nyingine aliwasha gari, akalizungusha kiwanja chote peke yake, dirisha wazi, akipiga honi kwa kila kopo la rangi. Dada wa benki, ambaye kwa aibu alikuwa ameacha mafunzo, alipigiwa simu na kuambiwa arudi.

"Mwalimu, mimi nilikuumiza," dada akasema huku sauti inakatika.

"Wewe ndiye uliyenipeleka kwenye picha, mwanangu. Ningeendelea kukohoa na kusingizia vumbi. Njoo kesho, na uvae viatu vya chini."

Ilipofika siku ya kurudi kupimwa, Mama Breki alivaa gauni jipya aliloshonewa na mumewe, lenye mifuko kwa sababu alisema anataka mahali pa kuficha mikono ikitetemeka. Alipigwa picha, wakaambiwa wasubiri. Walisubiri kwenye korido pamoja na watu wengine, kila mtu akitazama mlango wa daktari. Fundi Rangi naye alikuwapo, amepungua mwili, lakini alikuwa amemaliza wiki zake zote bila kukosa hata siku moja. Uvimbe wake haukuwa umekwisha, na dawa zilikuwa zinaendelea. Ila ulikuwa umepungua vya kutosha, na siku hizo alikuwa analala chali usiku kucha bila kukabwa na pumzi. Alimwambia Mama Breki hivyo kwa furaha, kama mtu anayetangaza kwamba amejenga nyumba.

Jina likaitwa. Mama Breki akaingia, mumewe nyuma yake.

Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili waone wote. Kushoto picha ya zamani, kulia ya leo. Hata mtu asiyesomea aliweza kuona. Pale palipokuwa na kidonge cheupe, sasa palikuwa na alama ndogo iliyofifia, kama doa la chai lililofuliwa.

"Uvimbe umesinyaa sana," daktari alisema. "Hiki kilichobaki kinaonekana zaidi kama kovu. Hatuoni popote palipoenea. Sitakuambia tumemalizana, mama. Utakuja kupigwa picha kila baada ya miezi michache, na tutaendelea kukufuatilia kwa miaka. Lakini kwa leo, haya ni majibu mazuri sana."

Mama Breki alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alikaa mikono mifukoni, machozi yanamshuka, anaitikia kwa kichwa.

Aliyepiga kelele alikuwa mumewe. Fundi cherehani, mtu ambaye majirani waliwahi kudhani ni bubu, aliinuka, akafungua mlango wa daktari bila kuomba ruhusa, akasimama mbele ya korido nzima.

"Jamani!" akasema kwa sauti iliyowatoa wauguzi vyumbani. "Mke wangu! Mke wangu huyu hapa! Umesinyaa! Wamesema umesinyaa!"

Watu walimtazama kwanza, halafu wakaelewa. Fundi Rangi akainuka na miraba yake yote, akamkumbatia mpaka miguu ya mzee ikaning'inia. Mke wa Fundi Rangi akapiga vigelegele. Muuguzi mmoja akaja na kidole mdomoni kuwanyamazisha, akasikia habari yenyewe, akasahau kidole. Yule binti mtaalamu alitokea mbio kutoka kwenye korido ya mashine, miwani imekaa upande, akiuliza nini, nini, nani kaanguka?

"Hakuna aliyeanguka," Mama Breki alisema, sauti yake ikiwa imerudi. Alikuwa amesimama mlangoni kwa daktari, gauni jipya limelowa kifuani, anamtazama mumewe kana kwamba ndio kwanza ametambulishwa kwake. "Ni baba watoto tu. Kumbe anajua kusema."

"Nimesema vibaya?" mumewe akauliza huku akihema, jasho linamtoka.

"Umesema vizuri. Sema tena."

Akasema tena.